Kigiriki cha Mahotelini

Mwezi uliopita tulimzika Mama Chola pale Nchelenge, na baada ya mazishi Mama Estera alisimama sebuleni kutoa ushuhuda. Amezeeka sasa, anatembea kwa fimbo, lakini sauti yake ni ile ile ya kanisani. Aliwaambia waombolezaji kwamba katika nyumba hiyo hiyo, katika chumba chenye dirisha la kuangalia ziwa, baba wa marehemu, Muzee Niko, alinena kwa lugha ya mbinguni kabla ya kufa, na kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa baraka kwa kanisa letu. "Mi njo nilifasiri," alisema. "Batu beko hapa banayua." Yaani yeye ndiye aliyefasiri, na watu walioko hapa wanajua. Watu wakaitikia amina. Nilikuwa nimekaa mkekani na sahani ya bukari, ugali wa kwetu, mapajani. Nilikuwa nimetoka Chienge asubuhi ile, nimefunga duka langu la vitenge, na nia yangu ilikuwa kulia, kula, na kurudi. Lakini damu ilinipanda. Niliweka sahani chini, nikasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanaume waliozunguka moto huko nje kwamba na mimi ninao ushuhuda, na nitautoa mwenzangu akimaliza. Mama Estera alinitazama, akanikumbuka. "Aa, weye," akasema. "Mutoto ya Kigiriki."

Naam, mimi ndiye. Sijawahi kufika Ugiriki, sijawahi kuonana na Mgiriki hata mmoja aliyezaliwa huko, na Kigiriki hakijaniuzia kitenge hata kimoja. Watu wamenicheka kwa ajili hiyo tangu ujana wangu, na wengine bado wananicheka. Wacheke tu. Mtu akisoma Kiingereza hakuna anayemuuliza ni cha kazi gani, lakini mimi niliulizwa sokoni, kanisani, kisimani na kitandani. Habari za wazazi wangu, na jinsi tulivyovuka kutoka Pweto wakati wa vita, nitazisimulia mahali pengine au sitazisimulia kabisa. Hapa nasimulia mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa msichana wa kazi nyumbani kwa Mama Chola, ninalala jikoni, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumtunza baba yake.

Muzee Niko alikuwa mtoto wa Mgiriki. Kule Kasenga, upande wa Kongo, zamani Wagiriki ndio waliokuwa wakubwa wa samaki: walikuwa na mashua, na barafu, na malori ya kupeleka samaki mjini. Mmoja wao alizaa na mwanamke wa huku, akamlea mtoto nyumbani kwake mpaka alipokaribia umri wa shule, kisha akarudi kwao na hakuonekana tena. Mama alimvusha mtoto kuja kwa wajomba zake upande wa Zambia. Huku alikua, alivua, alioa, alizeeka. Alisema Kibemba nyumbani na Kiswahili kwa wanunuzi waliotoka ng'ambo. Ukiacha rangi yake na pua yake, hakuna kilichomkumbusha mtu kwamba baba yake alitoka mbali. Mimi nilimkuta akiwa mzee mkali wa meza, mtu anayeonja kabla ya kukaa, anayerudisha chungu jikoni kwa sababu chumvi haijatosha. "We Feza," alikuwa akiniambia, "uku kwetu iko samaki, haiko dawa ya hospitali." Nilimchukia kidogo na kumpenda sana.

Halafu kiharusi kikamwangusha. Ilikuwa kabla ya mvua, anakarabati nyavu barazani. Hospitalini walisema upande wa kulia umekufa, wakaturudishia mtu asiyeweza kusimama wala kushika kijiko. Jambo lililotutisha zaidi lilikuwa ulimi. Kibemba kilikuwa kimetoka chote. Kiswahili pia. Ukimsalimia alikutazama machoni kama mgeni anayetafuta adabu ya kukujibu. Alinyamaza siku nyingi, kisha asubuhi moja akaanza kusema, maneno ya haraka, laini, ya mtu anayejua anachosema, na hakuna mtu nyumbani aliyeelewa hata moja. Mama Chola alidondosha kikombe. Alikimbia kanisani bila kuvaa viatu, akarudi na mchungaji, na Mama Estera, na nusu ya kwaya, ile niliyoimba na mimi.

Kanisa letu lilikuwa la watu wa Kongo na Wabemba pamoja, na kunena kwa lugha lilikuwa jambo la kila Jumapili. Kama mtu ananena, lazima awepo wa kufasiri, na mfasiri wetu alikuwa Mama Estera. Basi walijaa chumbani, wakamzunguka mzee, wakaimba, naye akasema maneno yake, na Mama Estera akafumba macho na kufasiri. Roho anasema nyumba hii imebarikiwa. Roho anasema watu waache masengenyo. Hayo sikuwa na ugomvi nayo. Lakini wiki iliyofuata akafasiri kwamba Roho anataka mzee afunge kila Jumatano na Ijumaa mpaka jua lizame, ndipo miguu yake itafunguliwa. Mama Chola alilia kwa furaha. Nataka nimtendee haki marehemu: hakuwa mtu mbaya, na baba yake alimpenda kuliko kitu chochote. Alitaka atembee, na mtu aliyetaka sana namna ile ungemwambia afunge yeye mwenyewe mwezi mzima, angefunga.

Chumba kile ninakiona mpaka leo. Serikali hufunga ziwa mvua zikianza, samaki wazaliane, kwa hiyo kila mfanyabiashara huweka akiba, na akiba ya Mama Chola ilikuwa ndani humo: magunia ya chisense, wale dagaa wetu, yamepangwa ukutani mpaka karibu na dari, na juu yake nyavu za mzee zimekunjwa. Mzee alilala katikati ya harufu ya samaki, tumbo tupu, na jiko langu la mkaa lilikuwa nje chini ya dirisha lake, kwa sababu wengine nyumbani hawakuwa wanafunga. Kila nilipoweka mafuta kwenye sufuria, moshi ukapanda, nilimsikia. *Pinao*, alikuwa anasema. *Pinao.* Kanisani watu wananena leo hivi na kesho vile. Huyu, siku za mfungo, alisema neno lile lile kila chakula kilipoiva, na siku alizokula asubuhi hakulisema kabisa. Nikajiuliza ni Roho gani huyu anayefuata saa za sufuria.

Nilimuuliza Mama Chola kama baba yake aliwahi kujua lugha ya baba yake. "Awe," akakataa kwa Kibemba, "sijasikia siku moja." Nikamwambia labda ni Kigiriki. Akaogopa, akampelekea mchungaji maneno yangu, na mchungaji akaja mwenyewe. Alikuwa mtu mpole kutoka Lubumbashi, amevaa koti hata kwenye joto, na alikuwa amesoma kwa posta Kigiriki cha kale, cha Agano Jipya.

"Mi nilisoma Kigiriki, dada," aliniambia. "Niko na diplôme. Kama iko Kigiriki, nitasikia."

Alisimama kando ya kitanda, akafungua kijitabu chake, akamsomea mzee mstari, taratibu, kwa sauti ya mimbari. Mzee alimtazama, akatazama koti, akageukia ukutani.

"Unaona?" mchungaji akasema. "Haiko Kigiriki. Kigiriki iko moja tu. Uyu anasema na Mungu."

"Pasta, labda anasema na shiye, batu," nikasema. "Labda anaomba chakula."

Mama Chola alinikata jicho ambalo sijalisahau. Mchungaji hakukasirika, alicheka tu, akanipa kile kijitabu. "Bon. Weye unapenda kuyua. Kamata buku, soma, maliza, kisha ukuye tuzungumuze."

Nilikipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, lakini moyoni nilikuwa nimeshakataa. Hata hivyo nilikisoma. Mvua zilikuwa zimeanza, ziwa limefungwa, ufukwe mtupu, na wanaume walikaa kwenye vibaraza wakicheza drafti na kunywa munkoyo. Mimi nilisoma. Kijitabu kilikuwa cha Kiingereza, nami Kiingereza changu kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo nilihangaika mara mbili. Nilijifunza herufi kwa kuzichora na mkaa kwenye sakafu ya jikoni. Nilijua jinsi ya kuandika mtume, na utukufu, na hukumu. Kila nilipomaliza somo nilikwenda chumbani na kumsomea mzee, naye alinisikiliza kwa uvumilivu uleule aliompa mchungaji. Kitabu kile kilikuwa na neno la kiti cha enzi, lakini hakikuwa na neno la kijiko. Sikidharau. Ni kitabu kizuri kwa mtu anayetaka kuzungumza na mitume. Mimi nilitaka kuzungumza na mzee mmoja aliyekuwa anakonda mbele ya macho yangu, mpaka pete yake ikaanza kuanguka kitandani na Mama Chola akaifunga kwa uzi.

Msaada ulitoka Kashikishi, sokoni, kwa Jeannot. Huyu alikuwa mwenzetu wa Kongo mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu. Watu walimletea kadi ndogo ya simu naye akaijaza rumba na kwaya. Nilimwambia ninatafuta Kigiriki. Alicheka mpaka akashika meza.

"Kigiriki? Ya kufanya nini, dada? Unaolewa na Mugiriki?"

"Niko na mugonjwa. Anasema Kigiriki, batu banakatala."

Akaacha kucheka. Alikuwa na rafiki Lubumbashi mwenye kompyuta na mtandao mzuri, akaahidi kumuuliza. Baada ya siku kadhaa alinirudishia kadi yangu ikiwa na kozi mbili za kujifunza mwenyewe, zote kwa Kifaransa, na Kifaransa nilikuwa nacho cha shule. "Ya kwanza njo ya bon," alisema. "Iko ya profesa, masomo mia. Ile ya pili iko bure tu, ya batu ya kazi mu mahoteli. *Karibu, kaa, unakunywa nini.* Usipoteze wakati."

Basi nikawa na kozi tatu, na kila mtu alikuwa na ushauri. Mchungaji alisema cha kwake, kwa sababu kina cheti na ni Neno la Mungu. Jeannot alisema ya profesa, kwa sababu ni ndefu. Mama Chola alisema niache yote nioshe sufuria. Nimewasikia watu wengi baadaye wakibishana kozi ipi ya lugha ni bora, yenye herufi kwanza au yenye sauti kwanza, ya kitabu au ya simu, na kila mara ninashangaa kwamba hakuna anayeuliza swali nililoliuliza mimi, yaani, unataka kusema na nani? Mimi nilijua ninataka kusema na nani. Kwa hiyo sikuchagua mwenyewe. Niliamua achague yeye.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya kufunga. Mama Chola na wengine walikuwa kanisani. Niliingia na simu yangu yenye kioo kilichopasuka, nikakaa juu ya gunia karibu na kichwa chake, nikamwekea profesa. Profesa alizungumza Kifaransa kirefu juu ya historia ya lugha, kisha akataja herufi moja moja. Mzee alifumba macho. Nilimwacha profesa aende mbele, nikaruka masomo, hakuna kitu. Nikamweka yule wa hoteli.

Ulianza muziki mbaya wa kinanda. Kisha sauti ya mwanamke, kijana, mchangamfu, kama mtu anayefuta meza huku anakusemesha. *Kalimera!* akasema. Mzee akafumbua macho. Mwanamke akauliza neno moja, *Pinate?*, halafu akanyamaza. Sikujua wakati ule kwamba kozi za namna hii huacha kimya makusudi, ili mwanafunzi apate nafasi ya kujibu. Nilidhani simu imekatika, nikanyoosha mkono niitazame. Ndani ya kimya kile, Muzee Niko alijibu.

"*Pinao*," alisema.

Na simu ikasema, "*Bravo!*" Kisha ikarudia jibu lake, lile lile, *pinao*, na kulifafanua kwa Kifaransa kwa kila mhudumu wa hoteli duniani: nina njaa.

Sitasahau uso wake. Machozi yalikuwa yanaingia sikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Akaanza kuiambia simu mambo mengi, haraka haraka, akiinyooshea mkono wa kushoto, ulio mzima, na yule mwanamke asiye na huruma akaendelea na somo lake la pili. Mimi nilikuwa nimeshatoka. Nilichota chisense kutoka gunia la biashara bila ruhusa ya mtu, nikakaanga na nyanya, nikasonga bukari laini, nikamlisha kwa vidole vyangu, tonge dogo dogo. Alikula mpaka nikaogopa. Nilikuwa nalia kwa hasira, nasema wazi, hasira kweli kweli, kwa sababu nilihesabu moyoni Jumatano zote na Ijumaa zote alizotuambia, kwa neno lililo wazi kabisa, nasi tukamwimbia.

Mama Chola aliporudi alikuta sahani tupu kifuani mwa baba yake. Mama Estera alikuwa nyuma yake.

"Umevunja mfungo!" Mama Chola akapiga kelele, akimwita Mungu kwa Kibemba. "Ala, Lesa wandi! Akifa, iko juu yako!"

"Akifa atakufa ameshiba," nikasema. "Mama, anasema njala. Kila siku ya mfungo anasema njala. Iko Kigiriki."

"Kigiriki ya nani?" Mama Estera akauliza. "Pasta alipima."

"Kigiriki ya hoteli."

Nilibonyeza simu wasikie. Mzee, akiwa ameshiba kwa mara ya kwanza wiki ile, alikuwa amelala fofofo na hakujibu chochote. Mwanamke wa simu aliuliza, akangoja, akasema bravo kwa hewa. Mama Estera alitabasamu. Jumapili iliyofuata mchungaji, kwa upole wake wote, aliniambia mbele ya wazee wa kanisa kwamba nichague: niache kuchezea kazi ya Roho kwa mashine, au nikae nje ya kwaya na nje ya meza ya Bwana mpaka nitubu. Nilisema sina cha kutubu. Nilivua kitambaa cha kwaya nikakikunja, nikakiweka mezani, nikatoka. Mpaka leo sijarudi kuomba kile kitambaa, wala sitaomba.

Nilingoja Mama Chola anifukuze kazi. Hakunifukuza. Jumatano ilipofika alivaa, akachukua Biblia, akasimama mlangoni kidogo kana kwamba amesahau kitu, akaenda zake. Nilipotoka uani nilikuta jiko la mkaa limewashwa, makaa mekundu, na sufuria juu yake tayari ina mafuta. Mimi sikuwa nimeliwasha.

Tangu hapo hatukuzungumzia jambo hilo, na mzee alikula kila siku. Mimi nilisoma Kigiriki cha mahotelini kwa bidii ambayo sijawahi kuipa kitu kingine. Nilikirudia kisimani, nilikirudia nikitwanga mihogo, na wanawake wenzangu walinipachika jina la Mugiriki. Nilijifunza kuuliza *ti thelis*, unataka nini, na hapo ndipo kazi ilipoanza kweli, kwa sababu alikuwa na mengi ya kutaka. Alikuwa na baridi. Kumbe dirisha tulilomwachia wazi afurahie ziwa lilikuwa linamtesa. Alitaka nyavu zile ziondolewe juu ya magunia, alikuwa anaogopa zitaanguka. Mambo yenyewe yalikuwa hayo, madogo madogo, na mengi sikuyaelewa, na alipochoka na ujinga wangu alinipiga kofi hafifu kwenye mkono na kusema *siga, siga*, polepole, kama anayemfundisha mtoto kutembea. Wakati mwingine nilikosea, nikamletea maji badala ya blanketi. Lakini alijua kwamba nasikia. Aliacha kugeukia ukutani.

Ziwa lilipofunguliwa, Nchelenge yote ilikuwa ufukweni. Mama Chola alirudi na perege watatu wakubwa, wale tunaowaita pale, wabichi, mikia bado inacheza, samaki wa kwanza tangu mvua zianze, nami niliwapika na nyanya na kitunguu. Siku ile Mama Chola alimbeba baba yake mwenyewe, akamkalisha, akamwegemeza kifuani kwake, na mimi nikamlisha. Alitafuna taratibu. Alimeza. Kisha akasema, kwa sauti yake yote, maneno manne.

Mama Chola aliniangalia. Hakuwa ameniuliza hata siku moja. "Feza," akasema, "anasema nini?"

Hapo ndipo nilipofika katika ushuhuda wangu, mwezi uliopita, nimesimama kwenye mikeka ya matanga, na Mama Estera ananitazama na fimbo yake. Nilikuwa nimewaambia yote, njaa na baridi na kila kitu, na sikulainisha hata neno. Wengine waliguna. Mtu mmoja nje alisema nikae chini. Sikukaa. Nikawaambia kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho ya kueleweka, kwa sababu jioni ile kiharusi kilimrudia mara ya pili, na hakuamka tena. Na kwamba mimi na Mama Chola tu ndio tuliokuwepo chumbani, hakukuwa na mfasiri mwingine. Kisha nikayasema kama alivyoyasema yeye. *To psari theli alati.* Samaki anataka chumvi.

Mama Chola, siku ile nilipomfasiria, aliinamisha kichwa juu ya baba yake. Nilidhani nimemkosea. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikaona anacheka, anacheka huku machozi yanaanguka kwenye mvi za mzee, na anamshika uso kwa mikono yote miwili. "Njo baba yangu uyu," alisema. "Feza, njo yeye! Iko baba yangu!" Akamlaza taratibu kwenye mto, akaenda jikoni mwenyewe kuleta chumvi.